Mechi 12, Makombe 3: Tumpime Vipi Ali Brigginshaw?

Kila mchambuzi wa raga anapotaka kumpima mchezaji huanza na jedwali lilelile: mechi alizocheza, trai alizofunga, pasi zilizozaa trai, makombe aliyonyanyua. Kwa mwanamume wa ligi kuu ya Australia, NRL, jedwali hilo linafanya kazi yake vizuri. Klabu yake hucheza mechi 24 za msimu wa kawaida kila mwaka, na mchezaji mwenye afya anaweza kufikisha mechi 200 kabla ya kutimiza miaka 30. Ukilichukua jedwali hilohilo ukamwekea Ali Brigginshaw, mwanamke wa Brisbane Broncos, litakupa jibu la uongo, kwa kuwa lilichorwa kwa kipimo cha maisha ambayo yeye hakupewa.

Tufanye hesabu pamoja. Ligi ya wanawake ya Australia, NRLW, ilianza Septemba 2018 ikiwa na klabu nne tu: Brisbane Broncos, Sydney Roosters, St George Illawarra Dragons na New Zealand Warriors. Zilichezwa raundi tatu, klabu mbili za juu zikakutana fainali, msimu ukaisha. Mwaka 2019 ukawa hivyohivyo, na 2020 hivyohivyo. Mchezaji ambaye hakukosa hata mechi moja na akacheza fainali zote tatu alikuwa na mechi 12 mkononi baada ya miaka mitatu. Misimu miwili iliyofuata, ambayo yote ilichezwa ndani ya 2022 kwa sababu ule wa 2021 uliahirishwa na korona, ilikuwa na raundi tano, nusu fainali na fainali. Hapo mtu aliweza kucheza mechi saba kwa msimu, basi. Mwaka 2023 na 2024 raundi zilifika tisa, kwa hiyo mechi 11 kwa anayekwenda hadi mwisho.

Jumlisha. Mwanamke aliyekuwepo tangu siku ya kwanza, asiyeumia, asiyeachwa benchi, aliyefika fainali kila mwaka kwa misimu saba mfululizo, angemaliza 2024 akiwa na mechi 48. Mwanamume hufikisha idadi hiyo kwa misimu miwili ya kawaida, bila hata kuhesabu mechi za mtoano. Na huyo mwanamke wa mechi 48 ni wa kufikirika tu; katika misimu hiyo saba hakuna klabu hata moja iliyofika fainali zote.

Nimeanza na namba hizi kwa sababu mjadala juu ya Brigginshaw hukwama papo hapo. Wapo wanaosema ubingwa wake wa mwanzo ulikuja kwa mechi nne kwa mwaka, kwenye ligi ya timu nne, na kwamba hilo ni bonanza, si ligi. Hoja hiyo haistahili kupuuzwa, na nitairudia. Lakini kwanza tujue mtu tunayemzungumzia.

Brigginshaw alizaliwa Desemba 1989 huko Ipswich, Queensland, mji ambao raga ya ligi, ile ya wachezaji 13 kila upande, ni sehemu ya malezi. Baba yake, Larry, naye aliicheza. Kwa wasichana wa kizazi chake njia ilikuwa na ukuta katikati: waliruhusiwa kucheza pamoja na wavulana hadi umri wa miaka 12 hivi, kisha wakaambiwa imetosha. Msichana aliyetaka kuendelea ilimpasa atafute timu ya wanawake watu wazima au asubiri akue. Wengi walihamia michezo mingine na hawakurudi tena.

Yeye alirudi. Mwaka 2009 aliichezea Queensland na timu ya taifa ya Australia, Jillaroos. Hesabu vizuri hapo: kuanzia 2009 hadi ligi ilipozaliwa 2018 ni miaka tisa. Ndani ya miaka hiyo tisa alishinda Kombe la Dunia mara mbili. La kwanza lilikuwa 2013 nchini Uingereza, Australia ilipoifunga New Zealand 22-12 katika uwanja wa Headingley, Leeds. Matokeo hayo yalikuwa na uzito wa pekee, maana New Zealand ndio waliokuwa wametwaa makombe yote matatu yaliyotangulia, 2000, 2003 na 2008. La pili lilikuwa Desemba 2017, 23-16 dhidi ya New Zealand haohao, na safari hii mechi ilichezwa Brisbane, mwendo mfupi tu kutoka alikozaliwa.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Siku ile Brisbane, Brigginshaw alikuwa anacheza kwao, bingwa wa dunia mara mbili, mwenye miaka 28 kamili, na hakukuwa na ligi ya taifa ya kumtunza. Ilikuja miezi tisa baadaye. Jedwali la NRLW linaanza kumhesabu hapo, katika umri ambao wachezaji wengi wa kiume huwa tayari wameshakula nusu ya maisha yao ya uwanjani.

Hayuko peke yake, na wala si aliyepoteza zaidi. Mchezaji bora wa fainali kuu ya NRLW hupewa medali yenye jina la Karyn Murphy, nahodha wa zamani wa Queensland na Australia. Murphy alistaafu miaka kadhaa kabla ligi haijaanzishwa. Kila mwaka kuna mwanamke anavikwa medali yenye jina la mtu ambaye hakupata hata dakika moja ya mashindano hayo. Nikitazama picha za kukabidhiwa medali ile huwa siwezi kulipita jambo hilo haraka.

Ukirudi nyuma zaidi hali inauma zaidi. Septemba 1921, mjini Sydney, timu mbili za wanawake, moja ya buluu na nyingine nyekundu, zilicheza raga ya ligi mbele ya watazamaji wapatao 20,000. Buluu walishinda 21-11. Msichana mdogo aitwaye Maggie Maloney alifunga trai nne. Watu elfu ishirini, karne moja iliyopita! Wakuu wa mchezo hawakupendezwa, viwanja vikakosekana, na jambo likazimwa kabla halijapata mizizi. Timu ya taifa ya wanawake ya Australia ilicheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa 1995. Kwa hiyo mtu akisema leo kwamba mchezo wa wanawake bado mchanga, namuuliza: umri huo unahesabiwa kuanzia siku ulipozaliwa, au siku ulipofunguliwa mlango mara ya pili?

Sasa tuache namba kidogo tuutazame mchezo wenyewe, maana thamani ya Brigginshaw haimo kwenye makombe tu. Katika raga ya ligi, timu yenye mpira ina nafasi sita za kukabwa kabla ya kuupoteza. Ukiangushwa, unainuka, unauweka mpira chini, unausukuma nyuma kwa mguu, mwenzako anauokota na hesabu inaendelea. Moja, mbili, tatu. Hakuna kurundikana na kugombania mpira chini kama kwenye raga ya wachezaji 15. Mchezo mzima unakuwa ni wa hesabu, na mwenye kuishika hesabu hiyo ni mvaa jezi namba 7, nafasi ya Brigginshaw.

Mtazame namba 7 mzuri baada ya kukabwa kwa nne. Wenzake wanahema, wanamgeukia. Yeye ameshamaliza kutazama. Anajua beki wa nyuma wa wapinzani amesimama upande gani, winga wao amepanda mbele kiasi gani, na ni mlinzi yupi bado hajasimama wima. Ya tano inapita, mpira unamfikia, ana kama sekunde mbili na watu watatu wanamjia kifuani. Atapiga mpira juu uning'inie hewani hadi wenzake wafike? Atauteleza chini ukipita katikati ya ulinzi? Au ataachia pasi ndefu hadi pembeni, ambako mtu mmoja amebaki hana wa kumkaba? Akikosea, wapinzani wanaanza na mpira mahali pazuri, na timu yake yote inatumia dakika mbili zinazofuata kurudi nyuma na kukaba.

Huo ni ufundi wa kurudiarudia. Haufundishiki ubaoni. Namba 7 wa kiume huupata kwa mechi mbili tatu mia za kiwango cha juu, wiki baada ya wiki, akikosea Ijumaa na kusahihisha Ijumaa inayofuata. Brigginshaw aliujenga kwenye mechi za klabu za mwishoni mwa wiki, kwenye mechi moja ya mwaka kati ya Queensland na New South Wales, na kwenye mechi chache za taifa. Namba 7 anayepewa raundi tatu kwa mwaka hana wiki inayofuata ya kusahihisha. Lazima awe ameiva kabla hajafika. Hii ndiyo sababu naziheshimu zile mechi 12 za mwanzo kuliko wanavyoziheshimu wakosoaji wake: ligi fupi haivumilii kosa. Ukipoteza mechi moja kati ya tatu, unaweza kuwa umeshaaga fainali.

Broncos walishinda fainali zote tatu: 34-12 dhidi ya Roosters mwaka 2018, 30-6 dhidi ya Dragons 2019, na 20-10 dhidi ya Roosters tena 2020. Mwaka huo wa 2020 Brigginshaw alitwaa medali ya Dally M, tuzo ya mchezaji bora wa msimu, akiwa na miaka 30.

Hata hivyo, hoja ya wakosoaji ina mahali pa kusimama. Broncos walikuwa klabu pekee ya Queensland kwenye ligi ile ya timu nne, katika jimbo lenye wachezaji wengi mahiri, na hilo liliwasaidia sana. Ligi ilipotanuka hadi klabu sita, kisha kumi, ukuta wa Brisbane ulibomoka. Tamika Upton, beki wa nyuma ambaye kwangu mimi ndiye mchezaji hatari kuliko wote wa kizazi hiki, aliondoka Brisbane kwenda Newcastle Knights na kushinda nao ubingwa wa 2022 na 2023. Millie Boyle naye alikwenda Newcastle. Misimu minne mfululizo Broncos hawakuonekana kwenye fainali kuu. Mtu aliyesema kwamba Brigginshaw alikuwa mfalme wa kijiji kidogo alikuwa na ushahidi wa miaka minne mkononi.

Kisha ukaja 2025. Ligi sasa ina klabu 12, raundi 11, na mishahara inayowatawanya wachezaji wazuri kila upande. Upton amerudi Brisbane. Oktoba 5 Broncos wanaifunga Roosters 22-18 kwenye fainali kuu, na siku hiyohiyo wanaume wa klabu hiyo nao wanatwaa ubingwa wao. Brigginshaw yumo uwanjani, ana miaka 35. Ubingwa wake wa nne, miaka saba baada ya ule wa kwanza.

Kwangu mimi kombe hilo la nne linabadilisha namna ya kuyasoma yale matatu. Kama angestaafu 2024, tungeweza kubishana milele kama alikuwa bora au alikuwa na bahati ya kuzaliwa karibu na klabu sahihi. Ligi imekua mara tatu kwa idadi ya klabu na karibu mara nne kwa idadi ya raundi, na yeye, akiwa na mwili wa miaka 35 uliokwisha kukabwa na kugongwa tangu 2009, bado alikuwa miongoni mwa washindi. Alisaidiwa na Upton? Bila shaka. Hakuna namba 7 aliyewahi kushinda kitu akiwa peke yake.

Tuje kwenye fedha, ambapo wachambuzi wengi hupita mbio wakisema tu kwamba hali inaboreka. Ni kweli inaboreka. Mkataba wa pamoja wa kwanza kabisa kuwahusisha wanawake ulikamilika 2023 na unafika hadi 2027. Mshahara wa chini ulianza na dola 30,000 za Australia kwa mwaka, utafika dola 50,600. Kikomo cha mishahara cha klabu nzima kilianza na dola 900,000, kitafika milioni 1.518. Likizo ya uzazi na bima ya afya zimo ndani. Ukigawa dola 900,000 kwa kikosi cha wachezaji 24 unapata wastani wa dola 37,500 kwa kila mmoja. Klabu ya wanaume ina kikomo cha zaidi ya dola milioni 10.

Ninachokitazama hapa ni saa zaidi ya dola zenyewe. Dola 37,500 huko Australia hazimtoshi mtu kuacha kazi nyingine, hasa mwenye familia. Ruan Sims, mmoja wa majina makubwa ya Jillaroos, aliyecheza Roosters msimu wa kwanza wa ligi, alikuwa zimamoto. Wenzake walikuwa wauguzi, walimu, polisi. Mtu wa namna hiyo anafanya mazoezi baada ya zamu. Anapona majeraha akiwa kazini. Akifika uwanjani siku ya mechi, mpinzani wake mkubwa anaweza kuwa usingizi wa wiki nzima aliokosa. Likizo ya uzazi nayo ni jambo la saa vilevile. Sam Bremner alitoka uwanjani kwenda kuzaa, akarudi, na katika Kombe la Dunia lililochezwa 2022 akawa mmoja wa manahodha watatu wa Australia, pamoja na Kezie Apps na Brigginshaw. Walishinda fainali 54-4 dhidi ya New Zealand huko Old Trafford. Bremner alirudi kabla mkataba huo wa 2023 haujakuwepo. Ni wangapi walitaka kurudi kama yeye wakashindwa, hakuna jedwali litakaloonyesha.

Anayetaka kuona saa zinafanya nini uwanjani aitazame mechi ya Machi 1, 2025, Las Vegas. Australia 90, Uingereza 4. Nilisoma maoni mengi baada ya siku ile, mengi yakisema Waingereza hawana vipaji. Sikubaliani nayo hata kidogo. Nahodha wa Uingereza siku ile alikuwa Jodie Cunningham, mshindi wa tuzo ya Mwanamke wa Chuma ya 2021, ile ya mchezaji bora wa ligi ya wanawake ya Uingereza, mtu ambaye kwa miaka mingi amecheza huku akifanya kazi ya kukuza raga ya wasichana kwenye chama cha mchezo huo. Pamoja na St Helens alishinda Kombe la Challenge la 2023, mwaka ambao fainali ya wanawake ilichezwa Wembley kwa mara ya kwanza, 22-8 dhidi ya Leeds Rhinos. Hao si watu wasiojua kucheza. Ligi yao ni ya watu wenye kazi za mchana, nao walipelekwa kukutana na watu ambao kwa misimu miwili walikuwa wamelipwa angalau kiasi cha kupunguza zamu.

Waingereza wenyewe walishaliona hilo. Georgia Roche alikuwa na miaka 17 alipopewa tuzo ya kwanza kabisa ya Mwanamke wa Chuma, 2018, akiichezea Castleford. Miaka mitano baadaye alikuwa Newcastle, Australia. Mwaka huohuo Fran Goldthorp alikwenda North Queensland Cowboys na Hollie-Mae Dodd akaenda Canberra Raiders. Walifuata mahali ambapo mchezaji wa kike anaweza kufanya mazoezi mchana.

Sasa mtazame msichana aliyeanza NRLW 2025 akiwa na miaka 18. Raundi 11 kwa mwaka, na ligi haina dalili ya kupungua. Asipoumia, zile mechi 48 za kufikirika atazivuka katika msimu wake wa tano, akiwa na miaka 22. Kwenye orodha ya waliocheza mechi nyingi atawapita watu waliobeba mchezo huu wakati hakuna aliyewalipa, na atawapita kwa haki kabisa, kwa miguu yake mwenyewe. Sina kinyongo naye. Ndiye aliyekuwa akisubiriwa.

Ninachodai ni kitu kidogo ambacho mtunza takwimu yeyote wa ligi anaweza kukifanya kwa siku moja. Kwenye orodha hizo, kando ya idadi ya mechi za NRLW, iongezwe safu moja: mwaka ambao mchezaji alivaa jezi ya jimbo au ya taifa kwa mara ya kwanza. Kwa msichana wa miaka 18 safu hiyo itaonyesha 2026 au 2027, baada ya ligi yake. Kwa Karyn Murphy idadi ya mechi itakuwa sifuri, na mwaka utakuwa wa karne iliyopita. Kwenye mstari wa Brigginshaw mwaka utasomeka 2009, na mechi yake ya kwanza ya ligi 2018.

Atakayesoma mstari huo atajua miaka tisa ya katikati ilikwenda wapi.